Kipimo cha damu hakitakuambia mfupa utaunga lini

Pole dada kwa ajali ya bodaboda aliyopata mdogo wako hapo Ujiji. Umeuliza kama akipimwa damu itajulikana mfupa wa muundi utaunga lini. Kwa sasa hapana, na usitoe hela yako kwa hilo.

Ni kweli mfupa ukijijenga huachia kemikali kwenye damu. Ipo P1NP, inayotoka kolajeni mpya (protini inayojenga mfupa) inapotengenezwa, na CTX, inayotoka mfupa wa zamani unapomeng'enywa. Watafiti wanazifuatilia wakitumaini zitamtambua mapema mgonjwa ambaye mfupa wake utagoma kuunga. Shida ni kwamba hupanda kwa wengi waliovunjika na kubaki juu miezi kadhaa, hata kama mfupa unaunga vizuri. CTX tena hubadilika kwa saa na chakula: damu ya asubuhi kabla ya kula na ya mchana baada ya ugali hazilingani, na mfupa ni uleule.

Damu ya kupima ni nyingine: sukari, na CRP (kipimo kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini) kama kidonda kinatoa usaha au homa haishuki. Hizo zinabadilisha matibabu. Kuunga kwenyewe kutaonekana kwa eksirei na daktari akiubonyeza mguu. Muundi mara nyingi huchukua miezi 4 hadi 6, na zaidi kama mfupa ulitoboa ngozi.

Kama anavuta sigara, aache leo, nakuomba sana, inachelewesha mno. Dagaa ale pamoja na mifupa yake. Na vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi ndani ya hogo (plasta ngumu ya mguu), msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.