Ukipewa jezi ya chuo Marekani, uliza nguruwe alitoka wapi

Juzi dada mmoja wa Chumbageni, tuliyesoma naye shule ya msingi pale Tanga, alinipigia simu. Mwanawe kapata chuo Minnesota. Kocha wa huko kaona video ya kijana akipiga frikiki, kamwambia aje awe mpigaji kwenye timu yao ya futiboli ya Kimarekani. "Kaka, wewe huko umekaa. Mwambie maneno." Nikamwambia maneno mpaka salio likakata. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Mimi nilipita njia hiyohiyo. Nimekulia Ngamiani, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichotaka ni kucheza Mkwakwani basi. Mwaka 1998 nikajikuta kwenye chuo kidogo Minnesota, nimevalishwa helmeti, nimeambiwa kazi yangu ni moja: mpira ukiwekwa chini niupige upite katikati ya milingoti. Ukipita ni pointi tatu. Usipopita, watu mia moja wanakutazama kana kwamba umewaibia. Si ajabu wanatutafuta sisi wa kabumbu. Chuo Kikuu cha Clemson walipotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani msimu wa 1981, mpigaji wao alikuwa Donald Igwebuike, Mnigeria aliyetokea kwenye soka, na kabla yake alikuwepo Mnigeria mwingine, Obed Ariri.

La pesa nalimaliza haraka. Vyuo vya Divisheni ya Tatu, yaani daraja la tatu la michezo ya vyuo kule, havitoi ufadhili wa michezo. Mtu akikuahidi ufadhili wa kucheza kwenye chuo cha daraja hilo, muulize tena, na akuoneshe barua. Msaada upo, lakini unapitia masomo na hali ya kifedha ya familia.

Nije kwenye mila za timu, ambazo hakuna aliyenitayarishia.

Kila timu kule ina zake. Yetu ilikuwa na kengele ya chuma nje ya chumba cha kubadilishia nguo, inayogongwa mkishinda tu. Kabla ya mechi wote walipiga goti na kusali Sala ya Bwana. Na wiki ya kwanza, kila mgeni wa mwaka wa kwanza alipandishwa juu ya kiti kwenye bwalo la chakula, aimbe mbele ya timu nzima.

Kuhusu sala, nenda kwa kocha mapema, peke yenu, usingoje siku ya mechi. Mimi nilimwambia ni Mwislamu, nitasimama pembeni nisome Fatiha yangu. Akaniuliza swali moja tu: inachukua muda gani? Nikamwambia ni fupi kuliko yao. Akacheka, ikaisha. Soseji za asubuhi nazo vivyo hivyo: ukisema siku ya kwanza unapewa mayai, ukisema mwezi wa pili unaonekana mtu wa visa.

Siku yangu ya kiti nilipanda nikaimba kaswida ya madrasa, ile tuliyokuwa tukiiimba Maulidi, nikapiga dufu juu ya sinia la plastiki. Jamaa wale wakubwa, kila mmoja ana shingo kama ya fahali, wakashika mdundo kwa vijiko. Tangu siku hiyo nikawa wao. Kwa miaka mingi nilipoulizwa kuhusu utamaduni wa timu ile, hadithi yangu ilikuwa hiyo, na niliisimulia kwa majivuno.

Sasa kuhusu nguruwe. Chuo Kikuu cha Minnesota na kile cha Iowa hushindania sanamu ya nguruwe wa shaba aitwaye Floyd of Rosedale. Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba Wazungu wanaumizana kwa ajili ya nguruwe, alisema, "Warudishie, baba, usimguse." Nami nilimchukulia Floyd kuwa kichekesho hadi mzee mmoja aliyekuwa akifua jezi zetu aliponikalisha akanipa kisa chake.

Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mchezaji mweusi, Ozzie Simmons. Minnesota walimgonga siku hiyo hadi ikabidi atolewe uwanjani zaidi ya mara moja. Mwaka uliofuata mechi ilikuwa Iowa, na watu walikuwa bado wana hasira. Gavana wa Iowa, Clyde Herring, akatoa kauli kwamba mashabiki wake hawatavumilia tena mambo yale. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akaona moto unakaribia, akageuza maneno kuwa mzaha: tuwekeane dau la nguruwe. Minnesota wakashinda 13 kwa 6, Herring akampeleka nguruwe mzima hadi ofisini kwa mwenzake. Olson ndiye aliyeagiza ile sanamu. Kwa hiyo nguruwe mnayemwona akipigwa picha na vijana wanaocheka ameletwa na mbavu za mtu mweusi. Nilikuwa nimekaa kule mwaka mzima, mweusi mwenyewe, na sikuwa nimeuliza.

Tangu hapo nauliza, na wewe, mdogo wangu, uulize. Usiulize kwa ukali wala mbele za watu. Tafuta mzee wa timu, msaidie kubeba kitu, umuulize kilianzaje. Wengi watakwambia "imekuwepo siku zote." Huyo hajui. Endelea mpaka umpate anayejua.

Kuna mila zinazoua kabisa. Nikiwa mwaka wa pili, Novemba 18, 1999, usiku wa manane, rundo la magogo yapatayo elfu tano liliporomoka kwenye Chuo Kikuu cha Texas A&M. Wanafunzi walikuwa wakilijenga kwa mikono yao, kama walivyofanya waliowatangulia kwa miongo mingi, kwa ajili ya moto mkubwa unaowashwa kabla ya mechi na watani wao, Chuo Kikuu cha Texas. Walikufa kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa wanafunzi; mmoja alikuwa amekwisha kumaliza chuo. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Amehitimu, angeweza kukaa kwake, lakini mila ilimrudisha. Chuo kiliusimamisha moto ule, na bado wapo wahitimu waliokasirika.

Hasira hiyo naielewa, maana nimeiona ndani yangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilirudi kwenye kile chuo chetu, wikiendi ya vuli ambayo wahitimu hualikwa. Tulikuwa kama kumi na wanane, vitambi mbele, magoti yamechoka. Kocha wa sasa akatueleza kuwa mambo ya kiti yamefutwa. Tukaguna wote. Mimi ndiye niliyeguna kwa sauti. Nikaanza hadithi yangu ya kaswida na sinia, watu wakacheka palepale wanapochekaga.

Nilipomaliza, jamaa mmoja aliyekuwa beki wetu, mtu asiyesema sana, akauliza, "Mnamkumbuka aliyepanda baada yako?"

Hakuna aliyejibu. Akatukumbusha. Kijana mwembamba, anatokea shamba huko kusini mwa jimbo, ana kigugumizi. Alipanda kwenye kiti, neno la kwanza likakwama. Akajaribu tena. Vijiko vilikuwa bado mikononi mwetu kutoka kwenye kaswida yangu, na mtu akaanza kugonga kwa kufuata kile kigugumizi. Tukadakia wote. Beki akasema, "Nilianza mimi." Kijana alishuka, akala chakula chake chote, kimyakimya, akarudisha sinia dirishani. Wiki iliyofuata kabati lake la nguo lilikuwa tupu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na kijiko. Na katika miaka yote niliyoisimulia siku ile, sijawahi kumtia ndani.

Kwa hiyo, mwanangu wa Chumbageni, wakikwambia panda kiti na ukajisikia kupanda, panda, imba, gonga sinia. Usipojisikia, sema hapana, na jua kwamba majimbo mengi ya Marekani yana sheria dhidi ya kuwatesa wageni kwa jina la mila, na chuo chako kitakuwa na mtu wa kumwendea. Ukishashuka, usiondoke ukumbini. Mtazame anayefuata.

Usiku ule tulijaribu kulikumbuka jina lake. Tukataja majina matano, kila moja likawa la mtu mwingine. Beki akaenda ukutani kwenye picha ya timu ya 1998, akavaa miwani, akapitisha kidole safu kwa safu. Picha ile ilipigwa wiki ya tatu.