Jibu: Wimbo wa Jambo Bwana ni wa Boney M au wa nani?

Hapana mkuu, Boney M, lile kundi la disko la Ujerumani, waliurudia tu 1983. Mwenyewe ni Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, waliutoa 1982 na mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Jamaa walikuwa wanapigia watalii kwenye mahoteli ya pwani, wanawasikia wanavyojaribu vijineno vya Kiswahili, basi Kalanda akachukua salamu zilezile za kila siku akazitia kwenye melodi nyepesi, ndo maana hata mgeni aliyeshuka ndege jana anaimba mpaka mwisho. Baadaye Safari Sound Band nao wakaurekodi, wengine wanadhani hao ndo orijino. Mi bado nausikiliza wa Mushrooms, ila wapiga bendi wa hotelini sijui kama wanautaka tena, maana lazima tu mtu atauomba.