Tetere au panya buku: nani anafukua mbegu?

SWALI: Nalima mahindi Mvomero, Morogoro. Kila asubuhi tetere wametapakaa shambani, na mashimo mengi hayaoti kitu. Jirani anasema mwizi ni panya buku. Nitajuaje?
Msomaji, Mvomero

JIBU: Ndugu msomaji, tetere huonekana mchana, ndiyo maana lawama zote hubeba yeye. Mtazame anavyokula: anatembea, anadonoa, lakini hapekui udongo kwa miguu kama kuku. Punje iliyofukiwa sentimita 5 haifikii. Huokota zilizomwagika au kufunikwa juujuu, pamoja na mbegu za magugu. Mtama na uwele navyo huvila.

Panya buku ni habari nyingine. Tetere ana gramu 150 hivi. Buku mzima huzidi kilo moja, na mkia wake ni mweupe kuelekea nchani. Hutoka usiku, hufuata mstari shimo kwa shimo, na punje huzijaza kwenye vifuko vya mashavuni akaziweke akiba shimoni mwake. Kwa hiyo buku mmoja huchukua zaidi ya anachokula.

Pima hivi. Chagua mistari miwili iliyo karibu na kichaka, sawazisha udongo, nyunyiza majivu laini. Kagua saa 12 jioni, kisha alfajiri kabla ndege hawajashuka. Mashimo yaliyofukuliwa usiku, mshuku buku. Yakifukuliwa mchana, bado usimrukie tetere: kindi na kanga nao hufukua.

Mtego mdogo wa kubana, ule wa panya wa nyumbani, haufai; buku huondoka nao. Tumia kizimba cha waya cha sentimita 60 hivi, ukifunge kwenye kigingi kando ya njia yake, chambo kiwe karanga au ndizi mbivu. Kitege jioni, asubuhi kifunge. Fyeka pia ukingo wa shamba mita 3, maana buku hapendi kuvuka peupe. Mashimo matupu yarudishie mbegu mara miche mingine inapochomoza. Ukichelewa, itakayoota nyuma itafunikwa na kivuli.

Mahindi yenye sumu usiyamwage juu ya ardhi kabisa. Hapo ndipo anapokula tetere, na watoto wanaomtega kwa kitoweo wataila sumu hiyo, huku buku akiendelea kufukua.