Wimbo wa Tatu, Upande wa B

SWALI: Mhariri, salamu nyingi kutoka Moshi. Mwaka 1987, nikiwa darasa la saba hapa Majengo, marehemu kaka yangu, aliyekuwa utingo wa malori ya Nairobi, aliniletea kaseti ya nyimbo za Kizungu zilizorekodiwa dukani. Karatasi yake haikuwa na jina la wimbo hata mmoja. Waliandika tu namba 4 kwa kalamu nyekundu. Niliupenda kuliko yote wimbo wa tatu wa upande wa B: mwanamke anaimba kwa sauti ya juu, ngoma zinakwenda kama farasi, na kwa Kiingereza changu cha wakati ule nilishika neno la kilima tu. Mwezi uliopita binti yangu alikuwa akitazama tamthilia ya Kimarekani kwenye simu, nikausikia, nikaacha kuchambua mchele. Nilipomwambia kuwa ule ni wimbo wangu, alinijibu, "Mama, huu ni wimbo wa Max." Unaitwaje hasa? Kwa nini filamu huamsha wimbo uliolala miaka yote hiyo, na zilipendwa zetu zinangoja nini? Kaseti bado ninayo; je, naweza kuipiga?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Mama, salamu zako zimefika, na pole kwa kumkosa kaka. Wimbo wako ni "Running Up That Hill", alioutunga na kuuimba Kate Bush wa Uingereza, ukatoka mwaka 1985. Yeye alikusudia uitwe "A Deal with God", yaani mapatano na Mungu, kwa kuwa unamhusu mwanamume na mwanamke ambao, kama Mungu angekubali kuwabadilishia nafasi, wangeelewana. Lakini kampuni ya kurekodi ilihofia kwamba redio za nchi zinazoshika sana dini zingeukataa, ndipo jina la kilima likatangulizwa. Kwa hiyo neno lile moja ulilolishika ndilo lililoubeba wimbo duniani.

Max wa binti yako ni msichana katika msimu wa nne wa tamthilia ya Stranger Things, ulioanza kuonyeshwa Mei 2022, na hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1986. Amefiwa na kaka yake wa kambo, na huzuni yake inampa adui mwanya wa kumnasa akilini. Rafiki zake wanamvika vipokea sauti, wanaweka kaseti ya wimbo anaoupenda, na kwa kuusikia anapata njia ya kukimbia na kurudi kwao. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Filamu nyingi huutandika wimbo chini ya picha kama kitambaa cha meza, nao husahaulika. Hapa wimbo umepewa kazi, na usipopigwa msichana anakufa. Mtazamaji aliyeshika roho namna ile hawezi kuusikia tena bila kumkumbuka Max, na kwa simu iliyo mkononi anaupata mzima kabla moyo haujapoa. Mwaka 1985 wimbo huu uliishia nafasi ya 3 nchini Uingereza. Juni 2022, baada ya miaka 37, ulishika nafasi ya 1. Binti yako hajakunyang'anya kitu, Mama. Ameufikia kupitia msichana mwenye kaseti aliyefiwa na kaka, na sidhani kama yuko mtu wa kumweleza habari hiyo vizuri kuliko wewe.

Kuhusu zilipendwa, mimi naona kikwazo kikubwa ni majina ya watunzi. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Wamarekani wakalisikia vibaya neno la Kizulu, wakaligeuza kuwa "Wimoweh", kisha wimbo ukavishwa maneno ya Kiingereza na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya The Lion King. Linda alikuwa amefariki maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Kwetu, mtayarishaji wa filamu pale Arusha anayetaka kibao cha bendi ya zamani anahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi au warithi wake na ya mwenye rekodi, ambaye mara nyingi si mtunzi, maana bendi nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa sheria ya mwaka 1999, lakini wimbo usiojulikana mtunzi wake hauna mlango wa kubishwa. Ndiyo maana nasononeka kila ninaposikia mtangazaji akipiga zilipendwa saa nzima bila kutaja hata mtunzi mmoja.

Kaseti usiipige mara moja. Isokote yote mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe ulioshikana uachiane taratibu, na usafishe kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ukiona kile kipande cha sponji kilicho nyuma ya utepe kimebanduka, mpelekee fundi auhamishie utepe kwenye ganda jingine. Ikishalia vizuri, mpe binti yako kalamu aandike jina la wimbo wa tatu, na chini yake jina la mjomba wake aliyeileta.