Maswali na majibu: Mteremko tumejenga, mbona bado anasukumwa?

Tulijenga mteremko kwenye mlango wa ukumbi wetu wa mikutano, lakini jirani yetu anayetumia kiti cha magurudumu bado husukumwa na watu wawili. Tumekosea wapi?

Chukueni futi kamba mpime. Kimo cha ngazi, kutoka chini hadi kizingitini, kizidisheni mara 12: hapo mtapata urefu ambao mteremko haupaswi kupungua. Kimo kikiwa sentimita 45, mteremko uwe mita 5.4. Wengi hujenga mita mbili, wakapaka rangi, wakazindua. Mwenye kiti akijaribu kupanda, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka, mwili unavutwa nyuma, na mikono ile ile inayosukuma ndiyo inayotakiwa kuzuia kiti kisirudi. Juu, mbele ya mlango, pawe na sehemu tambarare ya kama mita 1.5, maana hakuna anayeweza kuvuta mlango huku kiti kinaserereka. Kisha mlango wenyewe: uwazi usipungue sentimita 80.

Kabla ya kubomoa, nawaomba sana, mwiteni jirani yenu awaonyeshe anakwama wapi. Alistahili kuitwa tangu siku ya kupima msingi.

Mtaani kwetu hakuna mwenye ulemavu. Kuna haja ya haya yote?

Wapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wenye ulemavu duniani ni watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita. Hamuwaoni kwa sababu nje ya mlango wao kuna mtaro usio na kifuniko.

Vile vigae vya njano vyenye nundu kwenye njia za waenda kwa miguu ni mapambo?

La hasha. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Asiyeona huvisoma kwa nyayo na kwa fimbo nyeupe: mistari inamwambia aendelee, nundu zinamwambia asimame, mbele kuna barabara au ngazi. Rangi ya njano ni kwa ajili ya mwenye uoni hafifu. Ndiyo maana huniuma kukuta pikipiki imeegeshwa juu yake. Fimbo inapita chini, usukani unamgonga kifuani.

Kijana kiziwi huja mikutanoni na mama yake humtafsiria. Inatosha?

Hapana. Mama naye ana hoja zake. Akisimama kuzitoa, kijana anabaki gizani. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama, akae karibu na msemaji, penye mwanga wa kutosha usoni. Na mnapouliza swali, mtazameni kijana mwenyewe.

Hatuna fedha. Tuanzie wapi?

Chagueni njia moja, tuseme kutoka kituo cha basi hadi zahanati. Ipiteni pamoja na mwenye kiti, asiyeona na mzee wa mkongojo, mkiandika kila wanapokwama. Mengine yanamalizika siku hiyo hiyo: kuhamisha ubao wa tangazo, kukata tawi lililoning'inia usawa wa uso. Mlango wa choo ugeuzwe ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani mwili wake usizuie wa kumwokoa. Yanayohitaji fedha, kama kufunika mtaro, pelekeni orodha kwa viongozi. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinazitaka nchi zilizouridhia zitambue na kuondoa vikwazo vya namna hiyo, barabarani na majengoni.