Kabla Rigi Haijaondoka, Dai Mifuko Yako ya Udongo

Wengi wanaochimbisha kisima hapa Dodoma huuliza mambo mawili: mita ngapi, na shilingi ngapi kwa mita. Mimi ninayesimamia kazi hizi humuuliza kwanza fundi wa rigi (mashine ya kuchimbia): sampuli za udongo unaotoka shimoni utachukua kila baada ya mita ngapi? Akinijibu "tutaangalia hukohuko", najua siku hiyo sitakaa kivulini.

Kipimo cha juu ya ardhi hukuonyesha pa kuchimba. Mahali pa kukaa bomba zenye matundu ya kuingizia maji utapajulia kwenye udongo unaotoka shimoni. Sehemu kubwa ya huku kwetu chini ni granaiti, na maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliooza, juu ya mwamba mgumu, au kwenye nyufa zake. Matundu yakiangukia kwenye udongo wa mfinyanzi, utapampu matope.

Chukua sampuli kila mita moja, na tena kila rangi inapobadilika au nyundo ya rigi inapoanza kushuka haraka ghafla. Zitie kwenye mifuko, zipange kwa safu kwenye turubai, andika kina juu ya kila mfuko, piga picha mapema (upepo wa Dodoma unaujua). Ikitoka imelowa, igawe: nusu ioshe kwa chujio, nusu iache ilivyo. Ukiosha yote, mfinyanzi unaondoka na maji, zinabaki chenga (vipande vya mwamba uliosagwa) safi kama mchanga, na tabaka bovu linageuka zuri machoni pako.

Tafuta kutu. Madoa mekundu au ya kahawia kwenye chenga za mwamba wa kijivu huashiria kwamba maji yamewahi kupita kwenye ufa. Kama maji yapo bado, utayaona yakirushwa juu na hewa ya kompresa.

Rigi ya hewa, inayopuliza chenga juu kwa kompresa, huzitoa kutoka kina cha mita 60 kwa sekunde chache. Ya tope, inayozipandisha kwa tope linalozungushwa shimoni, huchelewa kwa dakika, na udongo wa juu huporomoka ukachanganyika nazo. Hapo mwambie fundi asimamishe kushuka, azungushe tope mpaka shimo lisafike, ndipo aendelee. Atanuna, maana dizeli inaungua na mita haziongezeki. Kwa hiyo yaandikwe kwenye mkataba kabla rigi haijafika.

Mifuko hiyo ni yako. Itunze hata baada ya pampu kufungwa, kwa sababu kisima kikianza kutoa mchanga, mtaalamu utakayemwita ataiomba kabla hajagusa pampu.