Nataka kupanda Kilimanjaro peke yangu: siku tano zinatosha?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa korosho Newala, nina miaka 29. Nikipata malipo ya mnada mwezi wa 11 nataka kwenda kupanda Kilimanjaro peke yangu, njia ya Marangu, siku tano. Kila Jumamosi nashuka Shimo la Mungu hadi bondeni na kupanda tena na kilo 15 mgongoni, wala sichoki. Ramani ninayo kwenye simu. Mwongozaji ni wa nini? Na kule penye barafu nitahitaji viatu vya meno? Nasikia barafu yenyewe inaisha, ndiyo maana nina haraka.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na sheria kwa kuwa ni fupi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro haimruhusu mtu kupanda hadi kileleni bila mwongozaji mwenye leseni, awe Mtanzania au mgeni. Getini hutapita. Lakini kama "peke yangu" maana yake ni kutochanganywa na kundi la watu usiowajua, hilo linawezekana: wewe, mwongozaji, mpishi na wagumu wachache, maana ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitwa. Gharama itakuwa kubwa zaidi kwa sababu huna wa kugawana naye.

Sasa nikujibu kama mtu wa Mikindani aliyeongoza watu kule miaka 14. Shimo la Mungu limekupa mapaja na pumzi. Kimo halijakupa. Uwanda wote wa Makonde haufiki meta 1,000, na mwili huanza kusumbuka ukivuka kama meta 2,500. Watu hudhani huko juu hewa ina oksijeni kidogo. Fungu lake ni lilelile, asilimia 21, kama ufukweni Mtwara. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu. Kilele cha Uhuru, meta 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya huu wetu wa pwani. Mwili hujirekebisha, lakini kwa siku, si kwa saa, na mazoezi hayauharakishi. Ndiyo maana kijana mwenye nguvu hunitia hofu kuliko mama wa miaka 50 anayepanda kama anakwenda kisimani. Kijana ana miguu ya kumfikisha mahali ambapo damu yake bado haijafika.

Tazama ratiba yako. Kanuni inayotumika milimani ni kwamba ukivuka meta 3,000, pa kulala usipandishe zaidi ya meta 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne urudie usiku mmoja kimo kilekile. Vibanda vya kulala vya njia ya Marangu ni vitatu: Mandara ni kama meta 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku unaruka 1,000, kisha usiku wa manane unaamshwa upande karibu 1,200 nyingine. Vibanda havihamishiki, siku ndizo zinazoongezeka. Lala Horombo mara mbili. Siku hiyo ya katikati panda hadi Zebra Rocks, kama meta 4,000, ukae kidogo, urudi kulala chini. Pesa ikibaki, lipia siku hiyo kabla hujafikiria jaketi jipya. Na kama korosho imekaa vizuri mwaka huu, chukua njia ya Lemosho ya siku nane: unapita mwamba wa Lava Tower, kwenye meta 4,600, halafu unashuka kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000. Mimi ndugu yangu wa damu ningempitisha huko.

Umeuliza mwongozaji ni wa nini. Ramani si sababu; njia ya Marangu hata kipofu angeifuata kwa kelele za watu. Sababu ni kwamba kimo kikikushika vibaya, kinachoondoka kwanza ni akili ya kujua kwamba umeshikwa. Nilikuwa na mteja mmoja, mwanariadha hasa, tuko juu kidogo ya meta 5,000, saa tisa usiku. Ananiambia yuko safi kabisa. Wakati huohuo anavaa glavu ya kushoto mkono wa kulia, anaivua, anaivaa tena. Nikachora mstari kwenye vumbi nikamwambia atembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Tulimshusha akitutukana. Alfajiri, tuko mbali chini ya Kibo, akauliza kwa upole kwa nini tumerudi. Angekuwa peke yake angeendelea kupanda, akiamini kabisa yuko safi.

Kwa hiyo ujue dalili, na umpe mtu mwingine mamlaka ya kuzisoma. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni za kawaida: unabaki hapo ulipo, hupandi kulala juu zaidi mpaka ziishe. Kuyumba na kuchanganyikiwa ni ubongo unaovimba. Kuhema ukiwa umekaa tu, na kikohozi chenye povu, ni maji kwenye mapafu. Hizi mbili dawa yake ni kushuka, usiku huohuo, bila kusubiri kupambazuke. Oksijeni ya mtungi inasaidia kununua muda wa kushuka, si wa kupanda. Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo, wengi huitumia kama kinga, lakini mwone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru.

Viatu vya meno viache. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu. Leo kutoka kibanda cha Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ni kokoto na vumbi. Barafu utaiona kando ya njia ukielekea Uhuru, kuta nyeupe zimesimama kama nyumba zisizo na paa. Mwaka 1912 ilifunika kama kilometa za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2. Sehemu kubwa haiyeyuki ikawa mto kama watu wanavyofikiri. Hewa ya juu ni kavu na theluji mpya haitoshi, hivyo barafu inageuka mvuke moja kwa moja. Inaisha kweli, ila haitaisha kabla ya wewe kufika. Njia moja tu nakukataza, Western Breach, kwa sababu mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yanaachiwa. Januari 2006 yaliporomoka na kuua Wamarekani watatu.

Mwezi wa 11 ni vuli kule. Chini utalowa, juu mvua hiyohiyo inakuwa theluji. Najua pesa ya mnada ina miguu, lakini iweke hadi Januari au Februari, kumekauka. Najua pia kwenu hiyo ni palizi, tafuta kibarua.

Baridi ihesabu hivi: kila meta 1,000 joto hushuka kama nyuzi sita na nusu. Mtwara ikiwa 28, kileleni ni nyuzi 10 chini ya sifuri, kabla ya upepo. Magwanda mazito usinunue, yanakodishwa Moshi. Viatu tu visiwe vya kukodi. Vivae miezi miwili kwenye hizo Jumamosi zako. Simu ilale nawe ndani ya begi la kulalia, betri hufa kwa baridi. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo hautaziba.

Na ukiwa Horombo kichwa kikaanza kukugonga, mwambie mwongozaji kabla hujameza Panadol.